Pima Kwanza, Spea Baadaye

Gari likianza kutetemeka kwenye foleni, safari ya kwanza ya mwenye gari huwa ni ya dukani. Ananunua plagi nne kwa sababu fundi amesema ni plagi. Wiki ikipita na tatizo likiwa palepale, anaambiwa ni nozeli. Baada ya nozeli ni pampu ya mafuta, baada ya pampu ni sensa, na fedha zikikaribia kwisha anaambiwa kwa huruma kwamba kontroo boksi imekufa, kwa hiyo atafute nyingine ya mtumba. Katika mlolongo wote huo hakuna aliyepima kitu. Mita haikuwashwa, namba haikusomwa, na zile spea za zamani zilizotolewa hazikuchunguzwa kama kweli zilikuwa mbovu.

Natetea jambo moja tu katika makala haya: mwenye gari asitoe shilingi ya spea kabla hajaonyeshwa kipimo. Tena kwa magari ya miaka ya 1990 ya EFI, yaani yenye mfumo wa kielektroniki wa kunyunyizia petroli, ambayo bado yamejaa katika barabara zetu, sehemu kubwa ya vipimo hivyo anaweza kuvifanya mwenyewe uani kwake Jumamosi asubuhi, kwa kipande cha waya na mita ya umeme ya kawaida.

Nayasema haya nikiwafikiria watu wanaomiliki magari hayo leo. Corolla tunayoiita 100 ilitoka Japani mwaka 1991, na 110 ikaifuata mwaka 1995. Pamoja nazo kuna Carina, Corona, Starlet na nyingine nyingi zilizoletwa kwetu zikiwa tayari zimetumika. Kenya hairuhusu tena kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo magari ya umri huu yaliyoko huko ndiyo hayohayo, mengine hayaji. Wanaoyaendesha ni walimu, wauguzi, wakulima, vijana wanaoanza maisha na wastaafu wanaoishi kwa pensheni. Kwa mtu kama huyo, spea tatu zilizonunuliwa kwa kubahatisha ni ada ya mtoto.

Kompyuta isiyotisha

Hoja ya kwanza ninayokutana nayo ni woga. "Hilo ni gari la kompyuta, usiguse." Watu wanaamini kwamba zama za kabureta mtu aliweza kujitengenezea, na EFI ilipoingia mlango ukafungwa. Ukweli unakaribia kuwa kinyume chake. Kabureta lilihitaji sikio na mkono wa mzoefu. EFI inahitaji mtu anayejua kusoma namba.

Mfumo wenyewe ni wa zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1967 kampuni ya Bosch ya Ujerumani iliweka sokoni mfumo wake wa D-Jetronic katika gari la Volkswagen 1600. Ulikadiria hewa inayoingia kwenye injini kwa kupima mgandamizo ndani ya manifodi, kisha ukaamua nozeli zifunguke kwa muda gani. Injini za Toyota za 4A-FE na 5A-FE, ambazo zimesukuma nusu ya teksi tulizopanda ujanani, zinatumia wazo hilohilo.

Kontroo boksi, ambayo ndiyo hiyo kompyuta, haiujui uzito wa petroli wala haiionji. Inachojua ni taarifa chache inazopewa na sensa: mgandamizo wa hewa ndani ya manifodi, joto la hewa, joto la maji ya injini, mahali mguu wako ulipo kwenye mafuta, na kasi ya injini. Kwa taarifa hizo inapiga hesabu, kisha inaiambia kila nozeli ifunguke kwa milisekunde chache na kufunga. Shabaha yake injini ikiwa na moto na mwendo ukiwa wa kawaida ni takriban gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu moja ya petroli. Sensa ya oksijeni kwenye ekzosti ndiyo inayorudisha jibu: volti zikipanda kuelekea 0.9 mafuta yamezidi, zikishuka kuelekea 0.1 hewa imezidi. Boksi inasahihisha, inasikiliza, inasahihisha tena.

Ukilielewa hilo utaelewa pia kwa nini kubahatisha ni hasara. Boksi inaamini inachoambiwa. Sensa ikiiambia kwamba injini ni baridi, itamwaga mafuta mengi hata kama nje jua linachoma. Ukibadilisha nozeli zote nne, nozeli mpya zitatii amri ileile ya uongo. Umeweka askari wapya chini ya kamanda aliyepewa taarifa potofu.

Kipande cha waya

Wahandisi wa Toyota walijua kwamba gari litaharibika mbali na viwanda vyao, kwa hiyo wakaliwekea njia ya kujieleza. Fungua boneti la Corolla 100 au Carina ya wakati huo, utakuta kisanduku kidogo cha plastiki chenye mfuniko. Upande wa ndani wa mfuniko yameandikwa majina ya matundu yaliyomo. Matundu mawili ndiyo muhimu kwetu: TE1 na E1.

Kwanza hakikisha taa ya injini kwenye dashibodi inafanya kazi. Washa swichi bila kupiga stata. Taa lazima iwake. Injini ikishaunguruma, izimike. Isipowaka kabisa, usifurahi. Ama balbu imeungua, ama mtu aliitoa au kuibandikia kitu ili gari liuzike. Mnunuzi wa gari la mtumba ambaye hakuangalia taa hiyo ikiwaka kabla ya injini kuwashwa hajalikagua gari.

Sasa zima kila kitu: kiyoyozi, taa, redio. Gia iwe huru, mguu usiwe kwenye mafuta. Unganisha TE1 na E1 kwa kipande kifupi cha waya, kisha washa swichi bila kupiga stata. Taa itaanza kukonyeza. Ikikonyeza kwa haraka na kwa mapigo yaliyo sawa bila kupumzika, hakuna kosa lililohifadhiwa. Likiwepo, itahesabu. Mikonyezo miwili, inatulia kidogo, kisha mkonyezo mmoja: hiyo ni namba 21, mzunguko wa sensa ya oksijeni. Miwili na miwili ni 22, joto la maji. Mitatu na mmoja ni 31, sensa ya mgandamizo wa manifodi. Minne na mmoja ni 41, sensa ya mkao wa throto. Yakiwa makosa zaidi ya moja, hutajwa kuanzia namba ndogo kwenda kubwa, kisha orodha inarudiwa. Andika kwenye karatasi.

Namba 51 inawatia watu wasiwasi bure. Mara nyingi inatokea kwa sababu kiyoyozi kiliachwa kimewashwa, au mguu ulikuwa kwenye mafuta, au gia haikuwa mahali pake wakati wa kupima. Rekebisha hayo na upime upya.

Ukimaliza kutengeneza, chomoa fyuzi iliyoandikwa EFI kwa nusu dakika ili kumbukumbu ifutike, irudishe, endesha gari siku moja mbili, kisha soma tena. Namba iliyorudi ina tatizo lililopo hadi sasa. Isiyorudi huenda ilikuwa kumbukumbu ya siku fundi alipochomoa soketi injini ikiwa imewashwa.

Marekani ililazimisha mfumo mmoja wa upimaji, OBD-II, kwa magari ya mwaka 1996 na kuendelea, na baadaye Ulaya ikafuata. Corolla 100 ilitangulia sharti hilo, ndiyo maana kile kifaa kidogo cha kuunganisha na simu kinachouzwa mitaani hakiingii kwenye Corolla 100. Wengine hulichukulia hilo kuwa ushahidi kwamba gari la zamani halipimiki. Linapimika, na mashine yake ni ule waya.

Namba si hukumu

Hapa ndipo hata waliojifunza kusoma namba wanapojikwaa. Wanaona 21, wanakimbilia dukani kununua sensa ya oksijeni. Namba inakuambia mzunguko upi una mashaka, haikuambii kifaa gani kimekufa. Ekzosti iliyotoboka karibu na sensa inaingiza hewa ya nje na kuifanya sensa iripoti upungufu wa mafuta usiokuwepo. Waya uliogusa bomba la moto ukaungua unatoa namba ileile. Nyuma ya 31 kunaweza kuwa na waya uliokatika au soketi iliyoingia maji, na sensa yenyewe ikawa nzima.

Kwa hiyo baada ya namba kuna mita. Sensa ya joto la maji ndiyo mwalimu mzuri wa kuanzia, kwa sababu inapimika jikoni. Ifungue injini ikiwa imepoa, itumbukize ncha yake kwenye sufuria ya maji, weka kipimajoto pembeni, na uunganishe mita upande wa ohm. Maji yakiwa na nyuzi 20 inapaswa kuonyesha kati ya ohm 2,000 na 3,000. Yakifika nyuzi 40 iwe karibu 1,000. Yakifika nyuzi 80 iwe kati ya 200 na 400. Ikishuka taratibu bila kurukaruka, sensa ni nzima na hakuna sababu ya kuinunua. Mtu aliyeiona mita ikishuka hivyo juu ya jiko lake mwenyewe hatadanganywa tena kirahisi.

Injini isiyopata moto

Nimeieleza sensa hiyo kwa kirefu kwa sababu inatufikisha kwenye kosa ambalo naliona ni kubwa kuliko yote katika ukanda wetu: kutoa themostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto.

Jirani yangu mmoja, mwalimu mstaafu, ana Carina yenye injini ya 5A-FE. Alikuwa amebadilishiwa plagi, akasafishiwa nozeli, akawekewa sensa ya oksijeni ya mtumba, na gari bado lilikuwa linakula mafuta kama lori. Nilimkuta amesimama mbele ya boneti lililo wazi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Njoo uone hili gari, linanimaliza. Sasa wanasema kontroo boksi."

"Mshale wa joto huwa unafika wapi, Mwalimu?"

"Hapo chini kabisa. Fundi alinipa hongera, akasema injini yangu haichemki hata nikipanda mlima."

Hongera hiyo ndiyo ilikuwa ugonjwa wenyewe. Alikuwa ametoka safari ya mwendo mrefu asubuhi hiyo, lakini tulipochomoa soketi ya sensa ya joto na kupima, mita ilisoma zaidi ya ohm 600. Injini iliyopata moto sawasawa ilipaswa kuwa chini ya 400. Sensa ilikuwa inasema kweli, maji yalikuwa hayajapata joto. Tulipofungua nyumba ya themostati tukaikuta tupu. Feni nayo ilikuwa imefungwa dairekti, inazunguka muda wote swichi ikiwa imewashwa.

Fikiri namna boksi ilivyoona mambo. Kila dakika iliambiwa injini bado inaanza kupata moto, kwa hiyo iliendelea kuongeza mafuta kama inavyofanya gari linapowashwa alfajiri. Ilipopimwa kwa waya haikutoa namba yoyote, na haikukosea. Nyuzi 60 ni joto halali la injini inayopanda kuelekea moto wake. Kompyuta ina uwezo wa kugundua waya uliokatika, haina uwezo wa kujua kwamba kuna mtu aliyechomoa kipuri akakitupa. Laiti sensa ingekatika kabisa, boksi ingetoa namba 22 na kudhani joto ni nyuzi 80, na pengine gari lingekula mafuta kidogo zaidi ya kawaida tu.

Mazoea haya yana chanzo chake. Gari linachemka kwa sababu rejeta imeziba kwa chumvi na kutu za miaka ya maji ya bomba na ya kisima, au mfuniko wa rejeta haushiki mgandamizo, au swichi ya feni imekufa. Kutafuta chanzo kunachukua muda. Kutoa themostati kunachukua robo saa, na sababu yake inaingia akilini haraka: nchi yetu ni ya joto, themostati ni ya Wazungu wenye theluji. Lakini themostati inafunguka karibu nyuzi 82. Hakuna mji Afrika Mashariki wenye joto la nyuzi 82. Kazi yake ni kuifikisha injini haraka kwenye joto ililotengenezewa na kuiweka hapo, iwe Makambako au Mombasa. Injini inayofanya kazi ikiwa baridi inachafua plagi kwa masizi, inateremsha petroli kwenye oili, na oili iliyochanganyika na petroli inapoteza ulainishaji. Halafu katika injini nyingi themostati yenyewe ndiyo inayofunga njia ya pembeni ya maji. Ukiitoa, sehemu ya maji inazunguka ndani bila kupita kwenye rejeta, na siku ya foleni ndefu injini inaweza kuchemka kuliko mwanzo.

Carina ya Mwalimu ilioshewa rejeta, ikawekewa mfuniko mpya, themostati mpya, na feni ikarudishwa kwenye swichi yake. Mshale ukapanda hadi karibu na katikati ukakaa. Kontroo boksi haikuguswa.

Magonjwa yasiyo na namba

Mfano huo unaonyesha kwamba taa peke yake haitoshi. Yapo matatizo manne ambayo mara nyingi hayaachi namba, na matatu ya kwanza yanapimika nyumbani.

La kwanza ni hewa inayopenya pembeni. Mipira ya vakyumu ya gari la miaka 30 imekauka na kupasuka. Sailensi, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, inapanda na kushuka, au injini inazima ukisimama. Washa injini, chukua chupa ya kupulizia maji, nyunyiza kidogokidogo kwenye viungo vya mipira na kwenye gasketi ya manifodi, ukikwepa distributa na soketi. Mahali mlio wa injini unapobadilika ndipo hewa inapoingia. Wapo wanaotumia petroli au dawa ya kusafishia kabureta kwa kazi hii. Ni hatari ya moto, na maji yanatosha.

La pili ni ethi. Waya wa ethi unaofungwa kwenye injini ukiwa na kutu, sensa zote zinasema uongo kwa pamoja. Sisi wa pwani tunaoishi na upepo wa chumvi tunapaswa kuanzia hapo. Weka mita kwenye volti, ncha moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye chuma cha injini, kisha mtu apige stata. Mita inapaswa kubaki karibu na sifuri. Ikionyesha nusu volti au zaidi, fungua ethi, zisugue kwa msasa, zikaze. Gharama yake ni jasho.

La tatu ni silinda moja isiyofanya kazi. Injini ikiwa katika sailensi, chomoa soketi ya nozeli moja moja na kuirudisha. Kila unapochomoa, mzunguko unapaswa kushuka. Ile isiyobadilisha kitu ndiyo silinda mbovu. Sasa unajua wapi pa kutazama: plagi yake, waya wake, nozeli yake, mgandamizo wake. Ohm za nozeli za injini hizi huwa karibu 14. Badilisha plagi yake na ya silinda ya jirani. Tatizo likihama nayo, plagi ndiyo mbovu. Likibaki, plagi haina hatia. Kipimo hicho hakina gharama, lakini kingewaokoa wengi na seti nzima ya nozeli.

Na ukiitoa plagi, isome. Kahawia iliyofifia ni injini yenye afya. Masizi meusi makavu ni mafuta yaliyozidi. Weupe wa kuungua ni hewa iliyozidi au taimingi iliyokosewa. Weusi wa majimaji ni oili inayopanda kutoka kwenye ringi au kushuka kutoka kwenye sili za valvu, na hapo hakuna sensa itakayokusaidia.

La nne ni mgandamizo wa petroli. Ndani ya kile kisanduku cha matundu kuna FP na +B. Ukiyaunganisha swichi ikiwa imewashwa, pampu ya mafuta itafanya kazi bila injini kuunguruma, na utaisikia. Ukisikia pampu, hujathibitisha nguvu yake. Hiki ni kipimo ninachoshauri kifanywe na fundi mwenye geji, kwa sababu petroli yenye mgandamizo wa karibu bar tatu si ya kuchezea uani palipo na jiko la mkaa na watoto.

Taimingi si ya kusikiliza

Baada ya magonjwa ndipo inakuja tuning, yaani kurekebisha taimingi na sailensi. Wengi wanaanza na tuning na kuficha ugonjwa. Gari linazima, wanakaza skrubu ya sailensi; linazubaa, wanazungusha distributa. Wiki mbili baadaye gari linagonga likipanda mlima na hakuna anayekumbuka lilikuwa wapi mwanzo.

Katika injini za 4A-FE na 5A-FE taimingi ya msingi ni nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika juu, na inapimwa kwa taa ya taimingi huku TE1 na E1 zikiwa zimeunganishwa. Waya huo ndio unaoiambia boksi iache kusogeza taimingi yenyewe. Fundi anayezungusha distributa kwa sikio bila kuunganisha waya anashindana na kompyuta: yeye anasogeza huku, boksi inasogeza kule, na anayelipa ni mwenye gari. Pata nyuzi 10, kaza distributa, toa waya, na utaona taimingi ikisogea mbele yenyewe. Hapo ndipo boksi imerudi kazini.

Sailensi nayo ina utaratibu. Safisha kwanza throto kwa kitambaa na dawa yake injini ikiwa imezimwa, maana masizi yaliyoganda pembeni mwa kile kisahani yanaziba upenyo mdogo wa hewa. Hakikisha mipira haivuji na injini ina moto. Baada ya hapo ndipo uiguse skrubu ya sailensi, ukilenga mizunguko kati ya 700 na 800 kwa dakika kama kibandiko au kitabu cha gari lako kinavyosema. Skrubu ile nyingine inayozuia kisahani cha throto kisifunge kabisa iachwe kama kiwanda kilivyoiacha. Imeharibu magari mengi, kwa sababu ikisogezwa, sensa ya mkao wa throto haitambui tena kwamba mguu umeachia mafuta.

Nasisitiza usalama kwa maneno machache. Fanya kazi hizi mahali penye hewa, usiwashe injini ndani ya banda lililofungwa, kwa sababu gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi wa ekzosti inaua na haina harufu ya kukutahadharisha. Usifungue rejeta ya moto. Usichomoe waya za plagi kwa mkono injini ikiwa inaunguruma. Mikono na nguo zikae mbali na mikanda na feni.

Tulipe kazi ya kufikiri

Nimekosoa gereji, lakini haki inanitaka niseme upande wa pili. Fundi wa mtaani anabahatisha kwa sababu sisi wenye magari tumemfundisha hivyo. Akitumia saa mbili kusoma namba, kupima ethi na kufuatilia waya, halafu akakuta mpira wa vakyumu umepasuka, tunamwambia, "Umeweka mpira tu, unataka elfu hamsini ya nini?" Akibadilisha spea tunalipa bila maneno, kwa kuwa tunaona boksi la kadibodi na chuma kinachong'aa. Kwa malipo ya namna hiyo, fundi makini analala njaa na anayebadilisha ovyo anajenga nyumba. Nawajua mafundi wanaopima, wenye geji, taa ya taimingi na daftari. Wengi wao wanalalamika kwamba wateja hawataki kulipia upimaji.

Wapo watakaoniambia kwamba mwenye gari akianza kujipimia atamnyang'anya fundi riziki. Naona kinyume. Mteja anayefika na karatasi yenye namba 41, na ohm alizosoma, anamrahisishia fundi kazi. Kazi za kufungua hedi, kubadilisha sili na kupima mgandamizo wa petroli zitabaki kuwa za fundi. Kitakachopungua ni biashara ya kukisia, na biashara hiyo haistahili kulindwa.

Vyuo vyetu vya ufundi navyo vina deni hapa. Mwanafunzi wa ufundi magari asihitimu kwa kujua kufungua na kufunga peke yake. Apewe gari lenye ethi mbovu iliyofichwa na aambiwe alipate tatizo bila kununua chochote. Akiweza, ni fundi.

Kwako msomaji mwenye gari la EFI la umri huo, anza wikiendi hii. Nunua mita. Fungua boneti, tafuta kile kisanduku, soma majina ya matundu. Angalia kama taa ya injini inawaka swichi ikiwashwa, na kama mshale wa joto unafika mahali pake baada ya safari. Uliza kama themostati ipo. Fungua daftari la gari na uandike tarehe, namba na vipimo. Siku utakapoambiwa ubadilishe kitu, uliza swali moja kwa adabu: "Fundi, umepima nini?" Akikuonyesha kipimo, lipa spea, na ulipe pia muda wake wa kupima. Asipokuwa nacho, funga boneti, washa gari uondoke.